Kikoleo cha Bibi

Bibi yangu alivaa kikoleo shingoni kama wenzake wanavyovaa ushanga. Kilikuwa cha chuma, urefu wake sawa na kidole changu cha kati nilipokuwa na miaka tisa, kimefungwa kwa kamba nyeusi iliyong'aa kwa jasho. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na jua halijazama, aliniita: "Mjukuu wangu, njoo unitoe miiba." Miiba yenyewe niliijua. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa tembe, akainua uso kuelekea magharibi, nami nikasimama kati ya magoti yake, nikauinua ukope wake wa juu kwa kidole gumba na kuanza kung'oa nywele moja moja kwa kile kikoleo.

Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa na macho makali kuliko wote nyumbani. Ilikuwa mwaka 1993, kijijini kwetu wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Kila nilipotoa unywele mmoja Bibi alishusha pumzi, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, akaniombea dua nipate mume mwema. Nilijiona tabibu. Siku nyingine unywele ulikatikia njiani, kikabaki kipande kifupi nisichoweza kukishika tena. Nilinyamaza, na yeye alinyamaza.

Leo ni fundi cherehani mjini Dodoma, na macho yale yale ndiyo yanayonilisha. Ninachotaka kusimulia kilinichukua karibu miaka ishirini kukielewa: ugonjwa wa Bibi, yaani vikope, au trakoma kama wanavyoandika hospitalini, ulikuwa kwenye ukope, na muda wote huo sisi tulikuwa tunatibu jicho.

Niseme kwanza juu ya neno lenyewe. Hapa nitaandika "ukope" nikimaanisha kile kifuniko cha ngozi kinachofunga na kufungua jicho, na zile nywele zake nitaziita nywele za ukope. Kwetu vyote viwili tunaviita kope, na naamini hilo lilituchelewesha. Mhudumu wa zahanati alipomwambia Bibi "kope zako zimegeukia ndani", sote tulielewa kwamba nywele ndizo zilizopinda, na dawa ya unywele uliopinda ni kuung'oa. Kumbe alikuwa anasema kifuniko kizima kimegeuka na nywele zake.

Kijijini hakuna aliyeona hilo kuwa ugonjwa wa kupelekea mtu mbali. Mama yake Bibi alikufa haoni. Aliongozwa kwa fimbo: mtoto mbele, yeye nyuma. Wanawake watu wazima wenye kikoleo walikuwa wengi, na mtu akiuliza sababu, jibu lilikuwa tayari: vumbi la kiangazi, moshi wa jikoni, uzee. Sisi watoto tuliamka na matongotongo yaliyogandisha macho, inzi wakatua pembeni mwa jicho na hakuna aliyewafukuza. Nakumbuka mzee mmoja akisema inzi wengi ni dalili ya maziwa mengi. Maji tuliyafuata kisimani asubuhi, mwendo wa saa nzima na dumu kichwani, na dumu likifika nyumbani kulikuwa na ugali, mlenda, ndama na mgonjwa. Uso wa mtoto ulikuja mwisho, na mara nyingi haukufikiwa.

Nilipohamia mjini mwaka 2003 na kuanza kupata hela yangu ya kushona, nilianza kumtumia Bibi dawa ya matone. Nilimweleza muuza duka kwamba macho ya bibi yangu ni mekundu na yanatoa machozi, akanipa kichupa. Kikiisha nilinunua kingine. Kuna kimoja alichonisifia sana, na kweli, wekundu uliisha ndani ya siku tatu, Baba Mdogo akanipigia simu kunishukuru. Mwezi uliofuata kwenye jicho la kushoto kikaonekana kidoa cheupe, kama tone la maziwa yaliyoganda. Baadaye daktari aliniuliza jina la dawa ile, nilipolitaja akatikisa kichwa. Ilikuwa na steroidi. Jicho lenye mchubuko likitiwa steroidi bila kupimwa, wekundu unatulia lakini kinga ya jicho inalala, na vijidudu vinapata nafasi ya kula kidonda. Duka sitalitaja. Mimi ndiye niliyekwenda pale nikaeleza jicho la mtu ambaye muuzaji hakuwahi kumwona.

Mwaka 2011 ilikuja kambi ya macho kwenye kituo cha afya cha jirani. Walitangaza msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji: wenye vikope waje, upasuaji ni bure. Bibi alikataa. Kwanza alisema karanga hazijavunwa. Kisha akasema nani atampikia babu. Mwisho akasema sababu iliyokuwa moyoni, kwamba aliwahi kumjua mama aliyekatwa kope akarudi kipofu kabisa. Nilifunga safari kutoka mjini kwenda kumbembeleza nikashindwa. Aliyemweza ni jirani yetu, mama wa rika lake, aliyefanyiwa upasuaji kwenye kambi iliyotangulia. Alikuja jioni, akakaa chini, akamwambia: "Nishike hapa. Unahisi mwiba?" Bibi akapapasa ukope wa mwenzake kwa muda mrefu. Asubuhi alikuwa amejifunga kanga mbili, anasubiri bodaboda.

Aliyempima alikuwa muuguzi, kijana. Nilishangaa, nilidhani macho hupasuliwa na madaktari bingwa tu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwa ugonjwa huu wauguzi na matabibu hufundishwa upasuaji huu mmoja na kupewa cheti, maana wagonjwa wako vijijini na mabingwa wako mijini. Alimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na nikaona mabega ya Bibi yakishuka. Akavaa miwani ya kukuza, akawasha kitochi, akahesabu kwa sauti nywele zinazogusa jicho. Kulia nne. Kushoto kumi na moja. Kisha akauliza, "Na hivi vipande vifupi, nani anakung'olea?"

Bibi hakusema kitu. Nikasema ni mimi, na siku hizi binamu zangu.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba unywele mrefu ni laini, ncha yake huinama ukigusa jicho. Uliokatika ni mgumu kama kisiki cha mtama shambani. Hata ule uliong'oka vizuri huota tena baada ya wiki chache, na ukiwa bado mfupi unachoma kama sindano. Alisema pia kwamba kung'oa kwa kikoleo kizuri si dhambi, wapo wagonjwa wanaofundishwa kufanya hivyo wakisubiri upasuaji au kama nywele ni chache. Lakini mimi nilikuwa na miaka ya vipande vilivyokatika, na niliikumbuka kila jioni mlangoni pa tembe, Bibi amenyamaza.

Nilimuuliza jambo ambalo tangu utoto sikuwahi kuuliza: kwa nini ukope unageuka? Alinitazama kanga begani, tepu shingoni, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema basi utanielewa haraka. Ukope una ngozi ya nje na una bitana kwa ndani, laini na yenye unyevu. Kati yake kuna kitu kigumu kidogo kinachoupa umbo, kama gundi tunayotia kwenye kola. Vikope ni maambukizi ya ile bitana, yanaletwa na bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi. Mtoto hupata kwa kidole cha mwenzake, kwa kanga inayofuta nyuso tatu, kwa inzi anayetoka jicho hili kwenda lile. Mara moja haidhuru, inapona. Lakini mtoto wa kwetu hupata tena na tena na tena, na kila mara bitana inaacha kovu dogo. Kovu hujikaza. Bitana ikisinyaa na kitambaa cha nje kimebaki vile vile, pindo linakwenda wapi?

"Linajikunja kwa ndani," nikasema. Kila fundi aliyewahi kutia bitana isiyofuliwa kwanza anajua aibu hiyo.

Hapo nilielewa kwamba uzee haukumletea Bibi ugonjwa. Ugonjwa aliupata akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akaupata upya akilea wadogo zake, kisha wanawe, kisha sisi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, na sababu ninaiona nikifumba macho: ni nani aliyelala na watoto wadogo? Ni kanga ya nani iliyotufuta?

Waliniruhusu nikae karibu nimshike mkono. Sindano ya ganzi iliingia kwenye ukope wenyewe, na hapo tu ndipo alipougandamiza mkono wangu hadi pete ikaniumiza. Baada ya hapo alitulia. Muuguzi aliukamata ukope kwa kibanio cha chuma, akakata mstari sambamba na ukingo, kama milimita tatu juu ya mahali nywele zinapoota, akapita tabaka zote. Kisha akashona kwa nyuzi tatu, na nyuzi hizo hazikuwa za kufunga kidonda tu. Aliziingiza kwa ndani akazitokeza karibu na ukingo, ili zikikazwa ukingo ugeukie nje. Nilimwangalia mkono. Alikaza uzi wa kwanza, akachungulia, akalegeza kidogo, akakaza tena. Ukikaza pungufu ukope unarudi ndani, ukikaza mno ukope hautafunga vizuri, na jicho lisilofungwa linakauka. Ukope mmoja ulimchukua kama nusu saa. Nimeshona magauni ya harusi kwa haraka kuliko hiyo.

Kesho yake walipofungua bandeji Bibi alikaa kimya akipepesa. Akapepesa tena. "Hakuna mtu humu," akasema. Alikuwa na maana ya jichoni. Maisha yake yote ya utu uzima kulikuwa na mtu humo ndani anamchoma.

Nilikuja kupiga hesabu. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Kwa saa 16 za kuwa macho hiyo ni mara 14,400 kwa siku, na kwa Bibi kila mara moja ilikuwa ni nywele kumi na moja zinazokwaruza kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, pahali penye mishipa ya maumivu kuliko karibu popote mwilini. Sisi tulimwita mkali. Tulisema Bibi hapendi wageni, hapendi kukaa juani, hapendi kelele za watoto.

Sasa niseme lililoniuma, kwa sababu wanaosimulia upasuaji huu mara nyingi huishia pale bandeji inapofunguliwa. Mimi nilidhani kile kidoa cheupe kitaondoka. Nilimwahidi hivyo njiani tukienda. Hakikuondoka, na hakiondoki. Kioo cha jicho hakina rangi wala mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga hupita. Kikichubuka juu juu hupona kwa siku chache, lakini kidonda kikizama chini hubakisha kovu, na kovu halipitishi mwanga. Kurekebisha ukope kunazuia kovu jipya. Lile la zamani linabaki. Jicho la kulia liliokolewa, la kushoto likabaki kuona mkono ukipita mbele yake na si zaidi. Kama ningempeleka ile miaka niliyokuwa natuma vichupa, angekuwa na mawili.

Halafu mwaka 2013 ile miiba ikarudi, jicho la kushoto. Bibi alificha karibu miezi minne. Alidhani tutasema hakufuata masharti. Niligundua nilipokwenda Krismasi nikamkuta amevaa kikoleo tena, amekisogeza chini ya kanga nisikione. Safari hii nilimpeleka hospitali kubwa, na daktari alituambia wazi kwamba kurudi kwa nywele baada ya upasuaji si jambo geni. Huenda kovu limeendelea kujikaza, huenda ukope uligeuzwa pungufu, na wenye makovu makubwa hurudiwa zaidi. Hakuna kosa la mgonjwa hapo. Natamani tungeambiwa hivyo siku ile ya kambi, kwa maneno rahisi: ukihisi mwiba hata mmoja, rudi.

Daktari yule alinionyesha kitu nisichosahau. Alichukua karatasi nyembamba yenye rangi ya chungwa, akailowesha, akagusisha ndani ya ukope wa chini, kisha akawasha mwanga wa bluu. Juu ya kioo cha jicho vikawaka vistari vya kijani, vimesimama wima, kimoja kando ya kingine, kama njia za kuku kwenye vumbi. Kila kistari ni unywele unaopita hapo kwenda na kurudi. Nilipoviona ndipo nilipoacha kabisa kusema "macho yanawasha tu".

Alipasuliwa mara ya pili, akameza vidonge vya azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, maana imeonekana dozi hiyo baada ya upasuaji hupunguza wanaorudiwa. Hakurudiwa tena. Ila jicho liliendelea kukauka, akawa anatumia matone ya machozi ya bandia, na nilipouliza kwa nini jicho lililokuwa likilia miaka yote sasa linakauka, nikaambiwa machozi si maji matupu. Ukingo wa ukope una safu ya vijitundu vinavyotoa mafuta, na ile bitana hutoa ute. Mafuta huzuia maji yasikauke, ute huyashikisha kwenye jicho. Kovu lilikuwa limekula vyote viwili. Yale machozi yaliyokuwa yakimwagika kidevuni hayakuwa na kazi yoyote, yalikuwa kilio cha jicho linaloumizwa.

Mwaka 2019 ikawa zamu yangu. Nilikuwa nashona sare za shule, ikifika saa tisa alasiri uzi mmoja unakuwa mbili, macho yana mchanga. Nilijua miwani imefika. Mpimaji wa macho aliniuliza nimezaliwa wapi, niliposema Kongwa akaniambia niangalie chini, akaugeuza ukope wangu wa juu kwa kijiti cha pamba, akapiga picha kwa simu. Pale ndani, kwenye wekundu, kulikuwa na vistari vyeupe kama nyuzi za hariri, na kimoja kirefu kimelala sambamba na ukingo. Kovu langu la utotoni. Kwa miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa tabibu wa Bibi, na nilikuwa nabeba ugonjwa ule ule.

Nywele zangu bado zinaangalia nje. Huenda ni kwa sababu nilikuwa katika kizazi kilichopata dawa. Kampuni ya Pfizer ilianza kutoa azithromaisini bure kwa ajili ya trakoma mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa katika nchi za kwanza kupokea. Nakumbuka tulivyopangwa mstari chini ya mbuyu tukapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, dawa ikatolewa kwa kimo. Wapo waliokimbilia porini kwa kusikia ni dawa ya kuzuia uzazi. Mimi nilimeza kwa sababu mwalimu alisimama nyuma yangu. Sasa kila asubuhi naweka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu ya macho dakika kumi, ili yale mafuta yaliyobaki yatoke, na kila mwaka naugeuza ukope kwa mpimaji. Kazi naipunguza jioni. Ndiyo matibabu yote niliyonayo, na yananitosha kushona.

Ninachokasirika nikikisikia mpaka leo ni ile habari ya vumbi. Vumbi halileti vikope. Oman ni kavu, ina vumbi na joto kuliko Kongwa, na mwaka 2012 ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba trakoma si tatizo la afya ya jamii tena. Malawi, majirani zetu, wakathibitishwa mwaka 2022. Walifanya upasuaji, wakagawa dawa, wakasisitiza nyuso safi, maji na vyoo. Nakumbuka mhudumu wa afya aliyekuja kijijini akamjibu mama aliyesema maji hayatoshi. Hakubishana naye. Alichukua kopo la lita moja, akawaita watoto waliokuwa wakicheza pale, akawaosha nyuso mmoja mmoja kwa kuwachuruzikia kiganjani, na watoto kumi na mmoja walipoisha kopo lilikuwa bado na maji. Yule mama alilichukua kopo akachungulia ndani.

Bibi alifariki mwaka 2020, kwa maradhi mengine. Miaka yake ya mwisho alikaa na ubavu wa kulia kuelekea mlango ili aone nani anaingia, na alikuwa akiwaita watoto wa nyumba nzima kwa majina kabla hawajamsalimia, kwa kujigamba kabisa. Kikoleo hakukitupa. Alikitundika kwenye msumari karibu na mlango, na mwanangu alipokuja likizo akakanyaga mwiba wa mgunga, Bibi alimkalisha kwenye kile kigoda, akauleta mguu kwenye mwanga, akaukaribisha na jicho la kulia, akautoa mwiba mzima kwa mara moja.